Kamshafti ya mbio haibebi ndizi za Kinole

BODABODA anayetoka Mwembesongo alfajiri kwenda kuchukua mikungu ya ndizi Kinole, au viroba vya karoti Nyandira, hafanyi kazi moja na kijana anayeshindana na wenzake kwenye lami iliyonyooka. Wote wawili wanaweza kuwa na pikipiki ya aina moja, iliyonunuliwa duka moja kwa bei moja. Lakini injini ya mmoja inatakiwa kuvuta, na ya mwingine inatakiwa kukimbia.

Tofauti hiyo husahaulika pale dereva anapoambiwa kwenye gereji ya mtaani, au kwenye duka la spea, kwamba akitoa kamshafti ya kiwandani na kuweka “ya mbio”, pikipiki yake itapata nguvu zaidi. Ushauri huo si uongo mtupu, na ndiyo maana unaaminika kirahisi. Kamshafti ya mbio huongeza nguvu kweli. Tatizo ni kwamba huiongeza mahali ambapo pikipiki ya mzigo haifiki mara nyingi, na huipunguza pale ambapo mzigo unaihitaji.

Suala hili linaweza kuonekana ni la mafundi na vijana wa vijiweni tu. Kimsingi ni suala la mkulima na mfanyabiashara mdogo, kwa sababu gharama ya kuteremsha mazao kutoka mlimani huingia moja kwa moja katika bei anayolipwa mkulima shambani na bei anayouza mchuuzi sokoni.

Mazao yanapita juu ya magurudumu mawili

Milima ya Uluguru ndiyo ghala la mji wa Morogoro. Upande wa mashariki, kwa barabara inayoanzia Bigwa na kupita Kiroka na Mkuyuni hadi Kinole, hushuka ndizi, mananasi na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga. Upande wa magharibi, kupitia Mzumbe na Sangasanga hadi tarafa ya Mgeta, hushuka kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Sehemu ya mazao hayo huishia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, lililofunguliwa na Rais John Magufuli Februari 2021, na nyingine husafirishwa hadi Dar es Salaam.

Kwa miaka mingi mzigo huo ulishuka kichwani. Wanawake na vijana walitembea saa nyingi katika njia za miguu hadi kufika penye gari. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilibadili hali hiyo. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua bodaboda kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa malipo, chini ya Sumatra, na tangu mwaka 2019 usimamizi huo uko chini ya Latra. Leo kuna vijiji ambako pikipiki ndiyo chombo pekee kinachofika hadi kwenye kingo za shamba.

Hivyo basi, pikipiki ya dereva wa Mwembesongo inapokufa injini njiani, si dereva peke yake anayepoteza siku. Nyanya hulainika juani, ndizi hupondeka zikihamishwa kutoka pikipiki moja kwenda nyingine, na mchuuzi aliyeahidi wateja wake hubaki na meza tupu. Uchaguzi wa kifaa kimoja kidogo ndani ya injini unamgusa kila aliyeko katika mnyororo huo.

Kazi ya kamshafti

Injini ya pikipiki nyingi za bodaboda ni ya mipigo minne: kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuubana, kuulipua, na kutoa moshi. Kinachofungua na kufunga njia za hewa na moshi ni valvu. Kinachoziamuru valvu ni kamshafti, yaani mhimili wenye nundu. Nundu inapopita, husukuma valvu ikafunguka. Inapoondoka, springi huirudisha ikafunga.

Kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenkshafti. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kamshafti iko kwenye 3,000, na kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Kosa dogo la umbo la nundu hurudiwa mara 50 kila sekunde, kutwa nzima.

Umbo la nundu huamua mambo matatu. La kwanza ni kimo, yaani valvu inyanyuliwe milimita ngapi. La pili ni muda, yaani valvu ikae wazi kwa nyuzi ngapi za mzunguko wa krenkshafti. La tatu ni wakati, yaani valvu ianze kufunguka na kufunga pistoni ikiwa wapi. Kamshafti ya mbio kwa kawaida huongeza kimo, na zaidi sana huongeza muda.

Mfugaji atalielewa jambo hili kwa mfano wa lango la zizi. Ng'ombe wakiwa wanaingia kwa kasi, lango likiachwa wazi muda mrefu zaidi, wengi zaidi huingia. Lakini wakiwa wanatembea polepole, lango likichelewa kufungwa, waliokwisha kuingia hugeuka na kutoka. Ndivyo ilivyo ndani ya silinda. Kwenye mizunguko mingi, hewa inaingia kwa kasi, na valvu inayochelewa kufunga huruhusu nyingine ijazane. Kwenye mizunguko michache, pistoni inaanza kupanda wakati valvu bado iko wazi, na sehemu ya mchanganyiko hurudishwa nje kwenye kabureta. Kinachobaki cha kulipuliwa ni kidogo, na mgandamizo hupungua.

Aidha, kamshafti ya mbio huacha valvu zote mbili wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi, pale moshi unapomalizia kutoka na mchanganyiko mpya unapoanza kuingia. Kwenye kasi kubwa hilo husaidia kusafisha silinda. Kwenye kasi ndogo, petroli ambayo haijaungua hupenya na kutoka na moshi. Ndiyo sababu injini ya namna hiyo hutetemeka ikiwa kwenye sailensa, huzimika ovyo kwenye foleni, na hunywa mafuta zaidi ikiendeshwa polepole.

Kiwanda kilikwisha kuchagua

Wapo wanaodhani kwamba kiwanda huweka kamshafti dhaifu kwa sababu ya ubahili. Takwimu zinaonyesha vinginevyo. Bajaj Boxer BM150, moja ya pikipiki zinazoonekana sana katika barabara za Tanzania, ina injini ya sentimita za ujazo 144.8. Kwa mujibu wa mtengenezaji, hutoa nguvu farasi 12 ikiwa kwenye mizunguko 7,500, lakini nguvu yake kubwa ya kukokota, nyutoni-mita 12.26, hupatikana kwenye mizunguko 5,000.

Namba hizo mbili zina maana tofauti, na wauza spea huzichanganya. Nguvu ya kukokota ni ule msukumo unaozungusha gurudumu penye mlima na mzigo. Nguvu farasi ni msukumo huo ukizidishwa na kasi ya mzunguko. Kwa hesabu, Boxer huyo akifika mizunguko 7,500 anakuwa amebakiwa na nyutoni-mita 11 na ushei tu. Farasi wameongezeka kwa sababu anazunguka haraka, si kwa sababu anasukuma zaidi. Mtengenezaji alichagua makusudi kuuweka msukumo mkubwa chini, mahali dereva mwenye mzigo anapofanyia kazi.

Historia ya injini nyingine iliyoenea vijiweni inasema jambo hilo hilo. Honda CG125 ilitoka miaka ya 1970 ikiwa imelengwa kwa nchi ambazo barabara ni mbovu na matunzo ni haba. Badala ya kuweka kamshafti juu ya silinda na kuizungusha kwa cheni, wahandisi waliiweka chini, wakaizungusha kwa gia, na wakatumia fito nyembamba kusukuma valvu. Walijua kwamba cheni inayolegea bila kurekebishwa ingewaua wateja wao. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo, na hadi leo pikipiki kadhaa za Kichina zinazouzwa Afrika Mashariki zina uzao wa CG ndani yake.

Katika injini ya CG nundu ni moja tu, nayo huamuru valvu ya kuingiza na ya kutoa kwa zamu. Maana yake ni kwamba fundi akiibadili nundu hiyo, amebadili pande zote mbili kwa mpigo. Hana nafasi ya kuongeza upande mmoja na kuuacha mwingine.

Hii haina maana kwamba injini hizo haziwezi kukimbizwa. Nchini Brazil, ambako Honda ilianza kuunda CG125 katika mji wa Manaus mwaka 1976, na katika nchi za Asia kama Thailand na Indonesia, kuna mafundi na viwanda vinavyotengeneza kamshafti za kuongeza kasi kwa injini ndogo. Lakini huko anayefanya hivyo kwa umakini hubadili injini nzima kwa pamoja: kabureta, bomba la moshi, springi za valvu, mgandamizo na hata gia. Kamshafti haipandikizwi peke yake kama kubadili taa.

Mlima nao una kodi yake

Mji wa Morogoro uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500. Hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Dereva anayepanda kutoka mjini hadi Mgeta huwa amekwisha kulipa sehemu ya kumi ya nguvu zake kabla hajaweka kiroba cha kwanza.

Akiwa na kamshafti inayopunguza msukumo wa chini, hulipa mara ya pili. Atalazimika kushusha gia mapema, kuizungusha injini kwa nguvu, na kuiteleza klachi penye kona kali ili isizimike. Pleti za klachi huungua, oili huchemka, na injini hukaa kwenye mizunguko mingi kwa muda mrefu ikiwa katika mwendo mdogo, ambako upepo wa kuipoza ni haba. Injini hizi hupozwa na hewa tu, hazina rejeta.

Kisha kuna barabara yenyewe. Katika njia za Uluguru kinachoamua muda wa safari ni kona, mashimo, utelezi wa masika na muda wa kufunga mzigo. Pikipiki inayoweza kufika kilomita 110 kwa saa haina pa kuionyesha kasi hiyo kati ya Mkuyuni na Kinole ikiwa na mikungu minne ya ndizi nyuma. Dereva anayejaribu kuionyesha huhatarisha maisha yake na ya wengine.

Daftari linasemaje?

Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Msomaji achukue mfano wa hesabu rahisi, na kila mmoja aweke namba zake mwenyewe. Chukulia dereva anatumia lita nne za petroli kwa siku, na bei ni Sh3,000 kwa lita. Anaweka kamshafti ya mbio, na matumizi yanaongezeka kwa asilimia 10 tu. Hiyo ni Sh1,200 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, ni Sh31,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh374,400.

Chukulia tena kwamba kila safari humwachia Sh4,000 baada ya kutoa petroli. Anahitaji safari nane za ziada kila mwezi ili kulipia mafuta yaliyoongezeka tu. Hapo hajalipa kamshafti yenyewe, springi, ufundi, na siku ambazo pikipiki ililala gereji. Je, kasi aliyoinunua itampa safari nane za ziada? Kama wateja wake wanamsubiri kijiweni, kinachompungukia si kasi bali ni wateja. Kama mzigo wake unachelewa kuvunwa, kinachompungukia ni mpango kati yake na mkulima. Kamshafti haitibu hata kimoja kati ya hivyo.

Lipo pia suala la nani anafaidi na nani analipa. Pikipiki nyingi za bodaboda si mali ya dereva. Nyingine ni za tajiri anayepokea hesabu kila siku au kila wiki. Nyingine ni za mkataba, ambapo dereva hulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chake. Dereva anayebadili kamshafti bila kumwambia mwenye mali anapata sifa ya kasi leo, na mwenye mali anaachiwa injini iliyochoka mwakani. Kwa dereva wa mkataba ni vibaya zaidi, kwa sababu anaichosha mali ambayo itakuwa yake siku injini inapohitaji kufunguliwa. Atakuwa amemaliza deni na kubaki na chuma chakavu.

Kwa upande wa mkulima hasara hujificha. Hakuna dereva anayemwambia kwamba nauli imepanda kwa sababu ya nundu ya kamshafti. Atasema mafuta yamepanda. Mkulima anayejua bei mpya za mafuta hutangazwa na Ewura kila mwezi anaweza kuuliza swali moja zuri: bei haijabadilika, mbona nauli imebadilika?

Nguvu inayopotea bila kuonekana

Mara nyingi dereva anayetafuta kamshafti ya mbio anatafuta nguvu ambayo injini yake ilikuwa nayo na imeipoteza. Pikipiki iliyobeba mizigo miaka miwili bila matunzo hupungukiwa kwa sababu zinazojulikana: valvu hazijarekebishwa, filta ya hewa imejaa vumbi la barabara ya Kiroka, ringi zimechoka, cheni imelegea, na nundu za kamshafti zimelika.

Nundu huliwa na oili chafu au oili pungufu. Injini za uzao wa CG hazina filta ya karatasi ya oili; zina wavu na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, uchafu huo husaga nundu taratibu. Ikilika nusu milimita, valvu hainyanyuki inavyotakiwa, silinda haijai, na dereva huamini kwamba pikipiki “imezeeka”. Akiweka kamshafti mpya ya kawaida atahisi tofauti kubwa. Akiwekewa ya mbio siku hiyo hiyo, ataisifu ya mbio kwa kazi ambayo hata ya kawaida ingeifanya, na atawaambia wenzake kijiweni wafanye kama yeye.

Hivyo hatua ya kwanza ni kupima. Fundi mwenye kipimo cha venia anaweza kupima urefu wa nundu na kuulinganisha na kamshafti mpya ya aina hiyo hiyo dukani. Ni kazi ya dakika chache kamshafti ikishatolewa. Fundi asiye na kipimo hana msingi wa kusema kamshafti ni nzima au imekufa.

Hatua ya pili ni kurekebisha uwazi wa valvu. Honda CG125 huhitaji milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Aina nyingine zina vipimo vyake katika kitabu cha mtengenezaji. Kurekebisha kwa kusikiliza mlio ni kubahatisha; kipimo cha bapa ni cha bei ndogo kuliko safari moja ya Kinole.

Hatua ya tatu, kwa anayetaka msukumo zaidi mlimani, ni kubadili spoketi. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 40 nyuma, ikiwekewa ya meno 14 mbele, huongeza msukumo kwenye gurudumu kwa takriban asilimia saba katika gia zote. Inapoteza kiasi kama hicho cha kasi ya juu, kasi ambayo mlimani haitumiki. Injini haifunguliwi, na spoketi ya zamani ikirudishwa mambo hurudi yalivyokuwa. Hakuna kamshafti ya mtaani inayoweza kutoa faida hiyo kwa gharama hiyo.

Anayelazimika kuchagua

Pamoja na hayo yote, wapo watakaohitaji kubadili. Kamshafti ya zamani inaweza kuwa imekufa kweli na lazima inunuliwe nyingine, au mtu ana pikipiki yake ya matembezi mjini na anataka iwe nyepesi zaidi barabarani. Methali inasema mchagua jembe si mkulima, lakini katika spea za injini asiyechagua ndiye anayelia. Mambo kadhaa yazingatiwe.

Mosi, mnunuzi ajiulize injini yake inaishi kwenye mizunguko mingapi. Pikipiki ya mzigo huishi kati ya 3,000 na 6,000. Kamshafti inayoanza kuleta faida juu ya 7,000 haimhusu. Anayetaka badiliko dogo atafute iliyoongeza kimo kidogo huku muda wa valvu ukibaki karibu na wa kiwandani. Hiyo huongeza pumzi bila kuua msukumo wa chini.

Pili, muuzaji atoe namba: kimo kwa milimita, muda kwa nyuzi, na kipimo hicho kimechukuliwa valvu ikiwa imenyanyuka kiasi gani. Muda uliopimwa tangu valvu inapoanza kunyanyuka huonekana mrefu kuliko uliopimwa baada ya milimita moja, hata kama kamshafti ni ile ile. Anayesema tu “hii ni kali” anauza maneno.

Tatu, kimo kikiongezeka, springi zinaweza kubanana hadi mwisho na valvu zinaweza kugonga pistoni. Fundi makini hubandika udongo laini juu ya pistoni, huzungusha injini kwa mkono, kisha hupima unene uliobaki. Angalau ibaki milimita 1.5 upande wa kuingiza na milimita 2 upande wa kutoa. Fundi anayefunga injini bila kufanya hivyo anacheza kamari kwa fedha za mteja.

Nne, kamshafti zilizochongwa upya kwenye karakana za vyuma ziogopwe. Kamshafti huwa na ngozi ngumu ya nje iliyopatikana kwa kuchomwa kiwandani, na ngozi hiyo ni nyembamba. Jiwe la kuchongea likishaiondoa, kinachobaki ni chuma laini ambacho hulika haraka na kumwaga unga wake kwenye oili ya injini nzima.

Tano, kwa injini ya kamshafti ya juu, cheni ya taimingi na alama zake zikaguliwe siku hiyo hiyo. Jino moja likikosewa, kamshafti bora itafanya kazi vibaya kuliko iliyotolewa. Kamshafti mpya ipakwe oili kabla ya kufungwa, na oili ya injini ibadilishwe mapema baada ya safari za mwanzo.

Mzigo ukizidi pikipiki

Ipo hoja moja ya madereva ambayo lazima ijibiwe kwa haki. Wanasema mizigo wanayopewa ni mizito, na bila kuongeza nguvu hawafiki. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu mzigo, lakini dawa siyo kamshafti. Fremu, breki, tairi na springi za nyuma havikuongezeka injini ilipoongezwa. Pikipiki iliyopandishwa kwa nguvu za ziada lazima pia ishuke, na kwenye mteremko wa kutoka Mgeta nguvu farasi hazisimamishi chochote.

Mzigo ukizidi uwezo wa pikipiki ya 125, ipo ya 150. Ukizidi hapo, ipo ya magurudumu matatu pale barabara inaporuhusu. Na ukizidi zaidi, wakulima wa kitongoji kimoja wanaweza kukubaliana siku ya kuvuna, pikipiki zikakusanya mazao kutoka mashambani hadi barabara kubwa, na Kenta moja ikateremsha yote kwa pamoja. Katika mpango huo bodaboda hufanya safari fupi nyingi, ambazo ndizo inazozimudu, na gharama kwa kila kiroba hushuka.

Mambo mawili yanaweza kuanza bila kusubiri serikali. Wamiliki waandike katika mikataba yao kwamba injini haifunguliwi na spea ya ndani haibadilishwi bila makubaliano, na wao kwa upande wao wagharamie oili na marekebisho ya valvu kwa wakati. Vikundi vya bodaboda, ambavyo tayari vina viongozi na michango, vinunue kwa pamoja kipimo cha bapa na cha venia, wavikabidhi kwa fundi wanayemwamini, na kila mwanachama apimiwe pikipiki yake mara kwa mara.

Dereva wa Mwembesongo atakayeanza na vipimo, oili safi na spoketi ya meno 14 atafika Kinole na kurudi bila kishindo. Hatasifiwa kijiweni. Lakini mkulima atajua kwamba akimpigia simu saa kumi na moja alfajiri, mzigo utakuwa sokoni kabla jua halijawa kali, na kesho yake atampigia yeye tena.